Shahidi wa Kwanza, Mshitakiwa wa Saba

Kama umewahi kukamatwa na chupa ya pombe kiunoni au karata mkononi katika mji wetu, basi Thakarshi alikuona. Hata kama hakukuona, alikuona. Sahihi yake ipo.

Maana sheria ya kwetu Gujarat, India, ni tamu sana ukiisoma. Inasema polisi akitaka kupekua nyumba ya mtu, lazima aite raia wawili waaminifu, majirani wa hapo hapo, wasimame waangalie kwa macho yao, halafu waweke sahihi kwamba kilichoandikwa ndicho walichokiona. Haya, nani mwenye akili timamu atafunga duka lake akaangalie polisi wanavyomwaga unga wa jirani? Hakuna. Ndiyo maana kituo kidogo cha polisi cha Bhaktipara kikajitafutia jirani wake wa kudumu, jirani wa watu wote, jirani wa jumla na rejareja: Thakarshi muuza chai.

Mkokoteni wake ulikuwa unasimama nje ya geti la kituo, chini kabisa ya kibao kinachosema ni marufuku mikokoteni kusimama hapo. Kibao kilikuwa kinamkinga na jua. Na hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe: polisi hawakioni kibao, na Thakarshi anaona chochote wanachotaka aone. Asubuhi anakuwa jirani wa fundi cherehani wa sokoni, mchana jirani wa familia ya ng'ambo ya mto ambayo hata mtaa wao haujui. Kuna mwaka aliweka sahihi kwamba amenusa pombe kinywani mwa fundi baiskeli, na wakati huo yeye mwenyewe ana mafua ya kufa mtu, hata tangawizi anayoitwanga haisikii.

Usidhani alikuwa anakosa usingizi kwa majuto. Alikuwa analala fofofo, tena anakoroma. Mkewe Kanku alikuwa anamwambia, "Wewe siku ukifa wakakuuliza huko juu umeona nini duniani, utasema ngoja kwanza nimuulize Bapu."

Bapu ndiye jamadari wa kituo, cheo cha chini ya inspekta, jina lake Bhupatsinh. Watu wa ukoo wake wote huitwa Bapu, yaani baba mheshimiwa, na wanaomwita hivyo ni pamoja na wale anaowatia pingu. Masharubu yake yalikuwa yanapata mafuta mengi kuliko mnyororo wa pikipiki yake, ndiyo maana pikipiki ilikuwa inapiga kelele na masharubu yametulia.

Jambo moja tu lilikuwa linamsumbua Thakarshi katika kazi yake. Kesi ya wizi wa baiskeli ina mlalamikaji: mwenye baiskeli. Kesi ya kupigana ina mlalamikaji: mwenye jino lililotoka. Lakini hizi kesi za karata na chupa, kwenye nafasi ya mlalamikaji Bapu alikuwa anaandika kila mara maneno yale yale: Kwa niaba ya Serikali. Basi Thakarshi akamtengeneza huyo Serikali kichwani mwake. Akamwona kama jamaa mmoja mnene, mpweke, amejifungia ndani huko mji mkuu, mtu akigawa karata tu Bhaktipara, yeye huko anashika kifua.

"Bapu," aliwahi kuuliza, "huyu Serikali anaumia wapi hasa?"

"Moyoni."

"Kwa watu wanne waliokaa barazani kwao?"

"Anaumia sana, Thakarshi. Mimina chai."

Akamimina. Bapu akainywa kwenye kisahani kwa sauti yake ya kufyonza, na maumivu ya Serikali yakaishia hapo.

*

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Katikati ya msimu wa mvua, siku moja kabla ya sikukuu ya kuzaliwa Krishna, kwetu ni Satam, siku ya mungu wetu Mama Shitala. Siku hiyo moto hauwashwi. Jiko la gesi limelala, la kuni limelala, hata la chai limelala. Chakula kimepikwa jana yake: chapati za uwatu, mikate ya uwele, vipande vya unga na sukari guru, maziwa mgando. Mnakula baridi na mnashukuru. Na mwanamke wa huku kwetu Saurashtra, ambaye mwaka mzima anatoka jikoni kwa ruhusa, siku hiyo anaamka, analitazama jiko, jiko linamtazama, hakuna mwenye kazi na mwenzake. Unategemea afanye nini, asome gazeti? Anatandika mkeka na kuchanganya karata. Bibi yake alifanya hivyo, na bibi wa bibi yake. Sheria ya kamari ilikuja baadaye ikakuta watu wameshakaa.

Muuza chai bila moto naye ni mtu aliyesimama barabarani tu. Thakarshi alikuwa nyumbani, anatoka anaingia, anafungua madirisha na kuyafunga tena. Barazani wanawake sita walikuwa wamekaa duara: Kanku, dada yake mkubwa Rambha, na majirani wanne. Mchezo ni karata tatu kila mtu, visarafu katikati, na kelele za kutosha kuamsha mtaa.

"We baba, acha kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga," Kanku akamwambia. "Kaa ushike karata."

"Nikae na dada yako? Ni heshima hiyo?"

Maana dada mkubwa wa mke kwetu ni nusu mama mkwe. Lakini Rambha hakuwa na habari na hilo. "Kaa tu, Thakarshibhai, kaka yangu. Heshima yako nitakurudishia mwisho wa mchezo. Viatu ndiyo sikuahidi."

Rambha alikuwa mjane. Kazi yake ilikuwa kupika kwenye shule ya watoto wadogo ya serikali hapo mtaani, dengu na wali kila siku, na watoto wote walikuwa wanamwita Masi, mama mdogo. Mshahara wake haukutosha kujivunia, ila ulikuwa wake, na hakuwa na mwingine. Msimamizi wa shule alikuwa na mpwa wake asiye na kazi, na kwa muda mrefu alikuwa anamtazama Rambha kama mtu anayesubiri kiti kwa kinyozi.

Basi Thakarshi akakaa. Karata zenyewe zilikuwa zimezeeka hadi zimekuwa laini kama kitambaa. Mzungu wa shupaza alishapotea miaka mingi, na mahali pake Kanku alikata kipande cha kadi ya harusi, cha rangi ya waridi, chenye picha ya mungu Ganpati. Kilikuwa kinene kuliko karata zingine, kwa hiyo kila mtu alikuwa anajua nani anacho. Adabu ya mchezo ilikuwa kujifanya hujui.

Na ndipo Rambha, ambaye tangu asubuhi alikuwa anafungwa tu, akalaza karata zake kwenye mkeka moja moja, polepole, kama anatandika kitanda cha mtoto. Ree. Ree. Ree.

Wanawake wakapiga yowe. Ree tatu, mkono usiofungika! Kuna watu wamecheza hadi wakazeeka, wakafa, hawajazigusa ree tatu. Rambha akanyoosha mkono kuvuta visarafu vyake.

Pazia likafunguliwa.

Bapu ndiye aliyetangulia. Akamwona Thakarshi amekaa kwenye mkeka, na kwa mazoea uso ukamng'aa kwa furaha, hakukumbuka hata nyumba ni ya nani. "Aisee, leo umewahi! Nani kakwambia tunakuja?"

Thakarshi akafungua mdomo. Bapu hakumsubiri.

"Safi sana. Kaa hapo hapo, utasaini baadaye."

Nyuma yake akaingia inspekta mpya, kijana aliyetoka chuoni juzi, simu mkononi anarekodi video. Kulikuwa na kampeni ya sikukuu: kila kituo kionyeshe kesi za kamari. Na mji mzima, hadi mbuzi, ulikuwa unajua kamari yenyewe iko wapi. Ilikuwa shambani kwa diwani Vrajlal, ambako siku hiyo ya Satam wapishi walikuwa wanakaanga vitu vya moto bila aibu, na chupa zimepangwa mezani. Tena chupa halali! Kwetu pombe ni marufuku, isipokuwa daktari aandike kwamba wewe ni mgonjwa, na usipokunywa utadhoofika. Vrajlal ni mgonjwa sana, maskini. Anaumwa kreti kwa kreti.

Ila shamba la Vrajlal lina geti, lina mbwa, na lina simu ya mkubwa fulani. Baraza la Kanku lina pazia. Sasa wewe shujaa wa kampeni utaenda wapi?

"Moja, mbili, tatu..." inspekta akahesabu hadi saba. "Asisogee mtu."

"Saheb," Bapu akamnong'oneza, "huyu mwanamume ni wetu."

"Ana karata mkononi."

"Siku zote anakuwa na chai mkononi, Saheb. Leo ni Satam ndiyo maana."

"Andika saba."

Wanawake wakavuta ncha za sari kufunika nyuso mbele ya simu. Rambha hakufunika. Alikuwa bado ameunyoosha mkono juu ya visarafu. Inspekta akazichota hela na karata kwa pamoja, akatia mfukoni kama ushahidi.

"Saheb, ngoja, hizo ni zangu," Rambha akasema. "Nimeshashinda."

"Hizi ni mali ya kesi."

"Ree tatu, Saheb! Miaka yote hii! Basi andika na mimi ni mlalamikaji, nimeibiwa ree tatu. Na huyo Ganpati mliyembeba mfukoni naye mwandikeni wa nane."

Ukifikiria vizuri, siku ile mtu pekee aliyeumizwa kwenye lile baraza alikuwa Rambha, na waliomuumiza walikuwa wamevaa sare.

*

Kituoni inspekta akawapa mawaidha, wote saba wamepangwa ukutani. Kwamba kamari inabomoa nyumba. Kwamba yeye mwenyewe ameona watu wameuza mashamba na bangili za wake zao.

"Nami nimewaona," Rambha akasema. "Hata leo wanauza. Ukitaka nikuelekeze, ni lile geti lenye mbwa."

Bapu akaona mkubwa wake anafedheheshwa, akaingilia. "Wewe dada Rambhaben, ungekuwa wa mwisho kufungua mdomo. Mumeo kaondolewa na pombe. Sheria hizi zimewekwa kwa ajili ya watu kama nyinyi."

Kanku akamshika dada yake mkono, Rambha akauondoa.

"Mume wangu hakuondolewa na pombe, Bapu. Pombe ni ile anayokunywa Vrajlal, ana barua ya daktari, na mashavu yanamng'aa. Mume wangu alinunua mfuko wa plastiki nyuma ya kiwanda, ndani yake kuna dawa ya kusafishia mashine. Alipofuka macho alikuwa ananiuliza kwa nini sijawasha taa. Na aliyemuuzia ulikuwa unakaa naye pale kwa Thakarshi, mnashea kisahani kimoja."

Bapu akajishughulisha na masharubu. Inspekta akatazama simu yake. Thakarshi akatazama sakafu, kwa sababu ni yeye aliyekuwa anamimina chai kwenye hicho kisahani.

Halafu ikaja kazi ya kuandika. Na hapa ndipo uzoefu wa miaka ulipozaa matunda. Bapu alikuwa ameandika maelezo ya upekuzi mara nyingi kiasi kwamba kalamu haikuwa inamhitaji tena. Ikafika pa shahidi wa kwanza, ikaandika yenyewe: Thakarshi Devshi, muuza chai. Shahidi wa pili: Mulji muuza tambuu, ambaye tangu kabla ya mvua alishahamia mji wa Surat kusugua almasi, ila sahihi yake ilibaki kituoni kama mwavuli uliosahauliwa, na Bapu alikuwa anaitumia. Ikafika pa washitakiwa, ikaandika saba, wa saba Thakarshi Devshi, muuza chai. Bapu akasukuma karatasi. Thakarshi akasaini ya dhamana kama mshitakiwa, akasaini ya maelezo kama shahidi. Hakusoma hata moja. Hajawahi kusoma, aanze leo?

Video ya inspekta ilipanda mtandaoni siku hiyo hiyo: kikosi hodari chavunja genge la kamari. Mji ukaishukia. "Asanteni, sasa tutalala milango wazi." "Huyo bibi wa kushoto muangalieni vizuri, chapati yake imekunjwa kama bomu." "Geti la Vrajlal limegoma kufunguka au mmesahau njia?" "Mbona muuza chai naye yupo, au alileta oda?" Kesho yake mchana video ikafutwa, simu yenyewe ikafutwa kila kilichomo, na inspekta akahamishwa kwenda kuongoza magari. Kesi ikabaki. Kesi haifutwi kwa kidole.

*

Mahakamani, siku ya kwanza, wale majirani wanne walikiri, wakalipa faini, wakarudi nyumbani kupika. Watu wote hufanya hivyo. Ni kama kodi ya sikukuu, inakusanywa na watu wenye virungu.

Rambha hakuweza kukiri. Mtu mwenye hatia mahakamani haruhusiwi kupikia watoto wa serikali, ndivyo barua ya msimamizi ilivyosema, na mpwa wake alishakuja shuleni kupima masufuria kwa macho. Kwa hiyo Rambha akasema sikucheza. Kanku akasimama karibu na dada yake, akasema hata mimi sikucheza. Thakarshi akasema hivyo hivyo, kwa sababu Kanku alimkanyaga mguu.

Kesi ikapangiwa siku ya ushahidi. Karata na visarafu vilishapotelea kituoni, kama vitu vyote vya kituoni. Kilichobaki ni shahidi.

Baridi ilipoanza, Bapu akaja kwenye mkokoteni, akakaa, akanyoosha miguu.

"Siku ya ushahidi utasema kama kawaida. Niliitwa, nikaona, nikasaini."

"Bapu, lakini mimi nipo upande wa pili pia. Mimi ni wa saba."

"Hilo mwendesha mashitaka atalirekebisha, atakufuta. Unatoka safi. Mkeo naye tutamtafutia njia. Ila yule mjane ana mdomo, acha akaupumzishe nyumbani."

"Ni dada wa mke wangu."

Bapu akainua macho taratibu kuelekea juu ya mkokoteni. "Unajua, Thakarshi, hiki kibao nimeanza kukisoma. Kina maandishi mazuri."

Nyumbani Kanku alikuwa na maneno machache zaidi. "Ukimwondoa dada yangu kwenye masufuria yake kwa mdomo wako, chai utakuwa unapika mwenyewe, unajiuzia mwenyewe, na kulala utalala chini ya turubai la mkokoteni wako."

Kwa hiyo yule jamaa aliyekuwa jirani wa mji mzima akagundua hana pa kuishi: akisema ameona, hana nyumba, akisema hakuona, hana kazi. Na kibaya zaidi, hii ndiyo kesi pekee maishani mwake aliyoiona kweli. Zile zingine zote hakuona kitu akasema ameona. Hii aliona kila kitu. Aliona hadi ree tatu. Alikuwa anaziota.

*

Hakimu alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani puani, mafaili yamemzunguka kama ukuta. Karani akaita kwa sauti:

"Shahidi wa kwanza wa mashitaka, Thakarshi Devshi!"

Thakarshi akainuka kutoka kwenye benchi la washitakiwa.

"Wewe kaa," karani akasema. "Naita shahidi."

"Ndiyo mimi."

"Wewe si mshitakiwa wa saba?"

"Ndiyo mimi pia."

Hakimu akainua kichwa. Akalivuta faili, akalisoma kimya, akarudi juu, akasoma tena. Halafu akasoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kucheka, na hapo ndipo alipokuwa mkatili:

"'Mimi Thakarshi mwana wa Devshi, muuza chai, nilikuwa napita kwa shughuli zangu binafsi polisi waliponiita. Nilipoingia niliona watu saba wamekaa duara wakicheza kamari. Wa saba alipoulizwa jina alisema anaitwa Thakarshi mwana wa Devshi, muuza chai. Mtu huyo sikuwa namfahamu kabla.'"

Mahakama ikapasuka. Hata wezi wa pikipiki waliokuwa wanasubiri zamu yao walicheka, na pingu zao zikacheza muziki.

Mwendesha mashitaka akasimama haraka. "Mheshimiwa, hayo ni makosa ya uandishi tu. Tunaomba tumfute kwenye washitakiwa. Ni shahidi mzuri sana huyu, ametusaidia kwenye kesi nyingi."

"Nyingi?"

"Nyingi mno, Mheshimiwa."

"Mpita njia huyu?" Hakimu akaandika kitu kidogo pembeni, akamgeukia Thakarshi. "Haya, baba. Siku ile ulikuwa unatazama, au ulikuwa unacheza?"

Mlangoni Bapu alikuwa amesimama, anasokota sharubu moja. Kwenye benchi Kanku alikuwa amemkazia macho ya kuchemshia maji. Rambha peke yake hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama viganja vyake, vimepauka kwa kuosha masufuria, kama vile ameshaambiwa jibu.

Thakarshi akaanza wimbo wake wa siku zote. "Niliitwa, nikaingia, nikaona..."

"Uliona nini?" Hakimu akamkatiza, akamnyooshea kalamu Rambha. "Huyu mama alikuwa na karata gani mkononi?"

Swali jepesi namna hiyo hakuwahi kuulizwa tangu aanze kazi. Na jibu alikuwa nalo! Ree tatu, Mheshimiwa, kopa, uru na pau, zimepangwa kwenye mkeka, na mkono wake umenyooka hivi. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi, la kweli kabisa, la kwanza la kweli katika maisha yake ya ushahidi. Akalimeza.

"Sikuona," akasema.

"Umesaini kwamba uliona."

Jasho likamtoka, baridi yote ile. Na mtu akishikwa na hofu hachagui maneno, anatoa yaliyo karibu. "Mheshimiwa, mimi huwa sioni. Huwa nasaini tu."

"Huwa?"

"Siku zote. Bapu anasema hapa, nasaini hapa. Hata yule fundi baiskeli sikumnusa. Nilikuwa na mafua."

Kalamu ya hakimu ikasimama. Mwendesha mashitaka akakaa chini taratibu, kama mtu aliyegundua suruali imechanika nyuma. Mlangoni sharubu iliachiwa nusu imesokotwa. Watu wakaanza kuhesabu vichwani: huyu kasaini ya mjomba wangu, huyu kasaini ya yule jirani aliyefukuzwa kazi. Na usifikiri alikuwa ameamua kuwa shujaa. Alisema uongo mmoja kumwokoa shemeji yake, na ukweli wote wa miaka yake ukatoka nao kwa bahati mbaya.

"Shahidi wa pili yuko wapi?" hakimu akauliza.

"Yuko Surat," sauti ikasema kutoka nyuma. "Tangu kabla ya mvua."

"Na siku ya upekuzi?"

"Alikuwa Surat."

Hakimu akavua miwani, akajisugua macho. "Na wewe mwenyewe, baba? Ulicheza?"

Thakarshi akamtazama Kanku. Hapa Kanku hakuwa na mguu wa kumkanyaga. "Mimi nilicheza," akasema. "Ila nilikuwa nafungwa."

Akatozwa faini, yeye peke yake. Wale wawili wakaachiwa, hakuna ushahidi. Rambha alipofika mlangoni akageuka.

"Mheshimiwa, samahani. Huyu mlalamikaji, Serikali. Leo amekuja? Nilitaka kumpa pole, naambiwa tulimuumiza sana."

"Nenda nyumbani, mama," hakimu akasema, akajifunika uso kwa faili, na mabega yake yakawa yanatikisika.

*

Asubuhi yake Rambha alikuwa shuleni anapepeta dengu, na mpwa wa msimamizi akarudi kwao bila kupima kitu. Na asubuhi hiyo hiyo lori la manispaa likasimama mbele ya kituo. Ghafla kibao kilikuwa kinasomeka vizuri sana. Mkokoteni ukabebwa juu, sufuria, kinu cha tangawizi, vikombe, visahani, na jiko likiwa limezimwa. Watu wakajaa kutazama. Thakarshi alikuwa amesimama pembeni amekunja mikono, na Kanku alikuwa amesimama naye, jambo ambalo hakuwa analifanya siku za kawaida.

Bapu alikuwa anasimamia kazi, uso umekaza, hamtazami mtu. Akaandika, akaandika, akafika mwisho wa karatasi. Kuondoa mali ya mtu kunahitaji majirani wawili waaminifu, walioona kwa macho yao. Akainua kichwa. Muuza mboga akainama ghafla kupanga bilinganya. Kinyozi akashusha pazia. Mwenye duka jipya la tambuu akapokea simu ambayo haikulia.

Na mkono wa Bapu, ule ule uliozoea, ukanyooka wenyewe kuelekea mahali pale pale ulipokuwa unanyooka miaka yote. Ukampa Thakarshi karatasi na kalamu.

"Saini hapa," Bapu akasema. Halafu akagundua anazungumza na nani. Ila watu walishaona, na kurudisha mkono ingekuwa aibu zaidi.

Thakarshi akaipokea. Akaivuta karibu na macho, akaipeleka mbali, akaivuta tena.

"Unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unasoma nini? Ni mkokoteni wako!"

"Ndiyo maana." Akapitisha kidole chini ya mstari wa kwanza, herufi kwa herufi, kama mtoto wa shule ya Rambha. Akasimama kwenye neno moja. "Bapu, hapa mlalamikaji umeandika nani?"

Umati ukaanza kucheka kabla Bapu hajajibu. Dereva wa lori akazima injini. Jua likapanda, Bapu akafungua kifungo cha shingo, akalamba midomo, akageuza kichwa upande wa mkokoteni kama alivyozoea kila saa hiyo, akaona sufuria liko juu ya lori, baridi.

"Endelea kusoma basi," akasema kwa hasira. "Nani ana chai hapa?"

"Hakuna," Kanku akasema. "Leo Satam."

Thakarshi akalowesha kidole mate, akaenda mstari wa pili.